Nani analipa? Historia ya kanuni za kazi ya komunikasyo, tangu Leopold mpaka leo



Ukimaliza masomo na ukapata bahati, unaweza kujikuta siku moja na kadi imeandikwa "sharje wa komunikasyo": ku shirika fulani, ku kampuni ya madini, ku ofisi ya gavana. Mara nyingi hata hukusomea kazi hiyo. Unaita wapasha habari, unaandika komunike, unapiga picha za mkubwa akikata utepe. Kimataifa kazi yenyewe inaitwa mahusiano na umma, na iko na kanuni zake, zilizoandikwa na watu wa inchi nyingi wakikaa pamoja: Venice mwaka 1961, Athens mwaka 1965, na zingine zilizofuata. Leo nataka tufuate historia ya kanuni hizo. Ukizisoma vizuri, katikati ya maneno mengi mazuri utaona ulizo moja linarudi kila mara: nani analipa? Na ulizo hilo, inchi yetu iliishi nalo kabla ya kanuni yoyote kuandikwa.

Turudi mwaka 1904. Kongo bado si koloni ya Ubelgiji. Ni mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, ametoka kutoa ripoti yake juu ya kazi ya lazima ya mpira. Kule Liverpool, Edmund Morel, aliyekuwa karani wa kampuni ya meli, anaanzisha chama cha Congo Reform Association. Picha za Alice Seeley Harris, bibi ya mmisionari, zinaonyeshwa makanisani: watu waliokatwa mikono, na yule baba Nsala anayetazama mkono na mguu wa binti yake wa miaka mitano. Leopold anaona sifa yake inaporomoka. Anafanya nini? Anafungua ofisi ya habari. Ya siri.

Ofisi hiyo ilifanya kazi ambayo leo tungeiita ya kisasa kabisa. Ililipa wapasha habari wa magazeti ya Ulaya. Ilisambaza vitabu vidogo bila kusema vimetoka kwa nani. Ilijificha nyuma ya vyama vyenye majina ya heshima. Kimoja kilijifanya chama cha wamisionari wa Afrika ya magharibi. Kulikuwa na jarida lililoitwa Ukweli kuhusu Kongo, likitoka kwa lugha tatu, na msafiri wa gari-moshi la kifahari alikuwa analikuta limewekwa tayari mu chumba chake. Msafiri huyo alisoma akizani anasikia sauti ya watu huru. Kumbe ni sauti ya mfalme, na pesa iliyolipia wino ilitoka ku mpira wa babu zetu.

Kwa upande wa Marekani, mwaka 1905 Leopold alimwajiri avoka wa San Francisco, Henry Kowalsky, kwa 100,000 franga kwa mwaka. Huyu alikuwa mtu mnene sana, mwenye kupenda kuvaa vizuri, na alijulikana kwa kusinzia katikati ya kesi. Kazi yake ilikuwa kuzuia bunge la Marekani lisiingilie mambo ya Kongo. Hakuifanya vizuri, Leopold hakuendeleza mkataba, na Kowalsky akakasirika. Akauza barua zake zote kwa gazeti la William Randolph Hearst, New York American. Desemba 1906 gazeti likazitoa siku kwa siku: mkataba, malipo, na hata habari za mfanyakazi wa kamati ya mambo ya kigeni ya Seneti aliyepewa rushwa. Miaka miwili baadaye, Novemba 1908, Kongo ikatoka mikononi mwa Leopold ikaenda kwa Ubelgiji. Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi, siwezi kuziweka zote ku barua za avoka mmoja. Lakini tuone jambo hili: uongo wa mfalme ulikuwa umekanushwa tangu zamani bila kumtikisa sana kule Washington. Kartasi za malipo ndizo zilizomchoma.

(Tuwe wakweli pia juu ya upande wa pili. Morel alikuwa bingwa wa propaganda kupita hata Leopold, na kati ya waliomsaidia kwa pesa kulikuwa John Holt, mfanyabiashara wa Liverpool mwenye biashara yake Afrika ya magharibi. Ila Morel aliandika kwa jina lake, na watu walijua anatoka wapi.)

Sasa, mwaka ule ule wa 1906, Marekani, wachimbaji wa makaa ya mawe waligoma. Wenye migodi walikuwa na desturi ya kutowaambia wapasha habari kitu. Safari hiyo wakamwajiri kijana aliyewahi kufanya kazi ya gazeti, Ivy Lee. Lee akatuma kwa magazeti tangazo fupi ambalo leo linasomeshwa karibu kila fasi kazi hii inasomeshwa. Maana yake ilikuwa hivi: sisi si ofisi ya siri ya habari, kazi yetu yote iko wazi, tunasema tunafanya kazi kwa niaba ya nani, tunatoa habari za kweli, na mwenye gazeti akitaka kuhakikisha, tutamsaidia. Sisemi Lee alikuwa anamuwaza Leopold wakati anaandika. Lakini kitu alichoahidi kutokuwa, "ofisi ya siri ya habari", ndicho kile kile mfalme alichokuwa nacho kule Brussels.

Je, Lee alishika ahadi yake? Aprili 1914, fasi inaitwa Ludlow, jimbo la Colorado, askari wa jimbo na walinzi wa kampuni walishambulia kambi ya hema ya wachimbaji waliogoma. Wanawake wawili na watoto 11 walikufa kwa moto na moshi ndani ya shimo walimojificha chini ya hema. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya familia ya Rockefeller. Lee aliitwa kusafisha jina. Vikaratasi alivyotoa vilitia chumvi nyingi juu ya mishahara ya viongozi wa sendika, na mwaka uliofuata, mbele ya tume ya uchunguzi, alikubali ya kwamba aliandika vile kampuni ilivyomwambia bila kuhakikisha. Mwaka 1934 aliulizwa tena, mara hii na kamati ya bunge, juu ya kazi aliyoifanya kwa IG Farben, kampuni kubwa ya kemia ya Ujerumani, wakati Hitler amekwisha kushika utawala. Lee alikufa Novemba ya mwaka huo huo. Hofu iliyotoka mu uchunguzi ule ndiyo iliyozaa sheria ya Marekani ya mwaka 1938: yeyote anayefanya kazi ya siasa au ya komunikasyo kwa niaba ya serikali au bwana wa inchi ya kigeni, ajiandikishe, aonyeshe mkataba, aonyeshe pesa. Sheria hiyo, inayojulikana kama FARA, ingali inafanya kazi, na tutarudi kwake.

Mpaka hapo kila mtu alikuwa na neno lake la heshima, na kila neno liliishia mlangoni pa mteja. Wazo la kanuni ya pamoja, inayovuka mipaka, lilikuja nyuma ya vita ya pili ya dunia. Juu ya nini nyuma ya vita? Kwanza kampuni zilianza kufanya biashara inchi nyingi kwa wakati mmoja. Alafu neno "propaganda" lilikuwa limechafuka kabisa, na watu wa kazi hii walitaka kuonyesha ya kwamba wao si watoto wa Goebbels. Mwaka 1949 Waholanzi na Waingereza wachache walikutana London wakaongelea chama cha kimataifa. Kikazaliwa Mei 1955, kwa jina la IPRA, na watu wa inchi tano: Uingereza, Ufaransa, Uholanzi, Norway na Marekani. Hakuna Mwafrika, hakuna Mwasia. Usishangae, 1955 nusu ya dunia ilikuwa bado haina hata bendera yake.

Kanuni ya kwanza ilipitishwa Venice mwaka 1961. Ni kanuni ya mwenendo wa kila siku: usiwatumikie wateja wawili wanaopingana bila wao kukubali, linda siri za mteja, usiharibu jina la mwenzako. Lakini kuna kifungu kimoja humo ambacho kwangu mimi ndicho kizito kuliko vyote. Kinakataza kutumia chama kinachojitangaza kwa kazi moja huku kwa kweli kinatumikia masilahi ya mtu mwingine aliyefichwa. Soma tena habari ya wale "wamisionari" wa Leopold, utaona.

Na mwaka huo wa 1961 kitu chenyewe kilikuwa kinaendelea, tena juu yetu. Moïse Tshombe alikuwa ametangaza Katanga huru Julai 1960. Mbelgiji Michel Struelens alifungua ofisi ya habari ya Katanga ku Fifth Avenue, New York. Kwa sababu ya sheria ya 1938 alijiandikisha: natumikia Katanga. Serikali ya Kennedy iliichukia ofisi hiyo hadi ikajaribu kumnyang'anya Struelens viza. Lakini Desemba 1961 ikaonekana kamati ya Wamarekani ya kusaidia wapigania uhuru wa Katanga, ikanunua ukurasa mzima wa New York Times. Mwenye kuipanga alikuwa Marvin Liebman, mtu wa mahusiano na umma aliyekuwa na ujuzi mkubwa wa kuunda kamati za namna hiyo. Msomaji wa kawaida aliona majina ya raia wenye kuguswa na jambo. Fundi aliyeiunganisha kamati hakumuona. Unaweza kuwa upande wa Tshombe au wa Leopoldville, hilo ni jambo lingine. Mimi naona Struelens, pamoja na yote tunayoweza kumlaumu, aliacha jina lake na la bwana wake mlangoni.

Miaka minne nyuma ya Venice, tarehe 12 Mei 1965, IPRA ilipitisha Kanuni ya Athens. Mtunzi wake mkubwa alikuwa Mfaransa Lucien Matrat, na aliijenga juu ya Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Iko na vifungu 13, kwa mafungu matatu: mambo ya kujitahidi kuyafanya, mambo ya kuahidi, na mambo ya kujiepusha nayo. Kati ya yale ya mwisho: usiweke ukweli chini ya mahitaji mengine, usitangaze habari isiyo na msingi unaoweza kuhakikishwa, usitumie njia za kumwendesha mtu bila yeye mwenyewe kujua. Hiki cha mwisho, ukikisoma leo ukiwa na simu mkononi, utazani kiliandikwa juzi.

Ni maandiko mazuri. Shida ni kwamba hayakuwa na meno. Tazama mji wenyewe: Aprili 1967, Athens ikaanguka mikononi mwa makoloneli. Serikali yao ya kijeshi ikaajiri kampuni ya London kwa kusafisha sura yake, na mwaka 1968 ikajulikana ya kwamba kampuni hiyo ilikuwa inamlipa mbunge wa Uingereza. Na mwaka huo huo wa 1968, IPRA ilikutana kurekebisha Kanuni ya Athens. Wapi? Tehran, chini ya Shah. Sitaki kuwacheka wale wazee, walikuwa na nia njema. Lakini kanuni inayoongea juu ya heshima ya mtu, ikisafiri toka mji wa makoloneli mpaka mji wa polisi ya siri, inaonyesha ya kwamba jina la mji ku kartasi halimlindi mtu wa mji.

Kwetu, 1965 ni mwaka wa Mobutu. Sina la kuongeza, wazazi wetu waliona televisheni.

Afrika iliingia mu mambo haya polepole. Mwaka 1975, Nairobi, vyama vya inchi mbalimbali viliunda shirikisho la Afrika nzima, FAPRA, ambalo tangu 2008 linaitwa APRA. Nafasi ya Waafrika kusema kanuni zenyewe ziandikwe namna gani ilianzia hapo, ila kwa muda mrefu kazi ilikuwa zaidi ya kutafsiri na kufuata.

Mfano unaopigwa kila fasi juu ya kuvunjwa kwa kanuni hizi ni wa Kuwait, tuupite haraka. Oktoba 1990 msichana wa miaka 15, aliyetajwa kwa jina la Nayirah tu, alilia mbele ya wabunge wa Marekani akisema aliona askari wa Irak wakitoa watoto wachanga mu mashini za kuwalinda. Mwanzoni mwa 1992 ikajulikana ya kwamba ni binti wa balozi wa Kuwait, na kwamba ushuhuda wake ulitayarishwa na kampuni ya Hill & Knowlton, iliyolipwa dola zaidi ya milioni 10 na chama kilichoitwa cha "raia" wa Kuwait huru. Karibu pesa yote ya chama hicho ilitoka kwa serikali ya Kuwait. Kifungu kile cha Venice kilikuwa na karibu miaka 30.

Hadisi nyingine haijulikani sana, lakini inatuhusu zaidi. Februari 2001 kampuni ya mahusiano na umma ya Moscow, Promaco, ilitunga habari ya uongo kwa makusudi: duka jipya linafunguliwa. Ikaituma kwa magazeti 21 ya mji. Magazeti 13 yalikubali kuitoa kama habari ya kawaida, mradi walipwe. Promaco ikatangaza matokeo na bei hadharani. Warusi wako na jina la jambo hilo, zakazukha. IPRA ikatumia fedheha hiyo kuandika, pamoja na vyama vya wapasha habari, mapatano ya uwazi wa vyombo vya habari: habari itoke kwa sababu mwenye gazeti ameona inafaa, na kilicholipiwa kiandikwe wazi ya kwamba kimelipiwa.

Sisi nasi tuko na jina letu: "coupage". Kila mtu aliyewahi kuandaa mkutano na wapasha habari anaijua ile bahasha ya mwisho, "ya transport". Kwa kanuni ya kimataifa mambo ni rahisi: marufuku. Lakini kanuni hiyo iliandikwa na watu wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi, wakiwawaza wapasha habari wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi. Kwetu kuna redio ambazo mpasha habari anamaliza miezi bila kitu, na motari anayempeleka ku mkutano anataka pesa yake papo hapo. Kumwambia huyo "usipokee" na kunyamaza ni kusema redio ibaki na watoto wa matajiri tu. Kwa upande wa pili, wote tunajua bahasha inafanya nini: komunike inasomwa vile vile ilivyo, na ulizo gumu halitoki. Naona kuna njia kati ya hizo mbili, na baadhi ya mashirika yanaifuata: pesa ya njia iwe sawa kwa wote, ijulikane mbele, iandikwe ku fakture, ilipwe hata kwa yule atakayeandika mabaya. Hiyo ya mwisho ndiyo kipimo. Kama unaogopa kumlipa anayekukosoa, basi haikuwa transport. Na anayebeba bahasha, mara nyingi, si mkubwa. Ni kijana mwenye diploma mupya.

Je, kanuni zimewahi kumuadhibu mtu? Mara moja kwa kishindo. Mwaka 2016 kampuni ya London, Bell Pottinger, ilianza kutumikia kampuni ya familia ya Gupta, Afrika ya Kusini, kwa pauni 100,000 kwa mwezi. Ilipandisha hasira za rangi kwa kuwageuza watu macho mbali na familia hiyo na raisi Zuma, na akaunti za uongo zikajaa ku Twitter. Chama cha upinzani cha Democratic Alliance kikapeleka malalamiko kwa PRCA, chama cha kazi hii kule Uingereza. Septemba 2017 PRCA ikaifukuza kampuni hiyo kwa miaka isiyopungua mitano. Wateja wakakimbia, na mbele ya wiki mbili kuisha kampuni ikawa mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Kwa mara moja, malalamiko yaliyotoka Afrika yaliangusha jina kubwa la London. Lakini tuangalie masharti yake: kulikuwa na barua pepe zilizovuja, magazeti yasiyoogopa, na chama kilichokuwa tayari kupokea lalamiko la mgeni.

Watu wengine wanasema dawa ni leseni, sawa vile madaktari na maavoka: asiyeandikishwa asifanye kazi. Edward Bernays, aliyekufa 1995 na miaka 103, aliomba hivyo mpaka uzee wake, ingawa kwa kazi aliyoifanyia United Fruit juu ya Guatemala, ningekuwa na maulizo ya kumpa kabla ya kumpa leseni. Brazil ilifanya sheria hiyo mwaka 1967. Nigeria ilifanya hivyo kwa dekreti nambari 16 ya mwaka 1990. Zote mbili zilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, na hiyo inanifanya nisite. Anayetoa leseni ya kusema anaweza pia kuinyang'anya. Mu inchi kama yetu, ofisi ya kutoa leseni ingekuwa haraka sana meza moja zaidi ya kuacha franga.

Tangu mwaka 2000 kuna Global Alliance, inayounganisha vyama vya inchi nyingi, na mwaka 2011 IPRA ilikusanya kanuni zake za Venice, Athens na ile ya Brussels ya 2007 kuwa moja. Zinasomeka kwa dakika kumi. Zinamfunga aliye mwanachama tu, na wengi wetu si wanachama wa kitu chochote.

Ile sheria ya 1938, hata hivyo, haiulizi kama wewe ni mwanachama. Faili zake ziko ku intaneti, bure, ku ukurasa wa wizara ya sheria ya Marekani. Ukitafuta jina la Kongo, mikataba inatoka: kampuni gani ya Washington, dola ngapi, nani alitia saini. Serikali zetu ziko mule. Ila kama unataka kujua gavana fulani au kampuni fulani ya madini inalipa nani hapa kwetu kwa kusifiwa, hakuna faili ya kufungua. Itabidi umwulize sharje wake wa komunikasyo.